Audacity, Reaper au DaVinci Resolve: Sauti na Muziki wa Filamu ya Wanafunzi Uhaririwe Wapi?

Kila unapokaribia muda wa kuwasilisha kazi za mwisho wa mwaka, wanafunzi wanaojifunza utengenezaji wa filamu hapa Unguja huniuliza swali lile lile: programu ipi ya kuhariri sauti iliyo bora? Naona swali hilo limekaa upande. Programu tatu ninazozilinganisha hapa zote zinaweza kukata sauti, kuipandisha, kuishusha na kuisafisha, na mtazamaji aliyekaa kwenye kiti chake hawezi kutambua ni ipi iliyotumika. Tofauti yao hujitokeza siku ile msimamizi anapoitazama filamu ya dakika 12, akakuna kidevu, akasema: "Kipande hiki cha barazani kirefu, wanangu. Kipunguzeni sekunde arobaini." Kukata picha ni kazi ya dakika moja, lakini chini ya picha hiyo kuna mazungumzo, mivumo ya mahali, nyayo na muziki uliokwisha kupangwa kwa siku kumi, na vyote hivyo vinatakiwa visogee pamoja nayo. Kipimo changu basi ni kimoja: ukiambiwa urudi nyuma, utarudi kwa gharama gani?

Ili tusizungumze hewani, nitatumia kazi moja niliyoisaidia kwa karibu. Kundi la wanafunzi wanne lilitengeneza filamu fupi kuhusu bibi wa Pemba na mjukuu wake wakati wa msimu wa karafuu. Sehemu ya kwanza ilipigwa katika kijiji kimoja karibu na Wete, ambako bibi amekaa juu ya jamvi akichambua karafuu na kuzitenga na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika. Sehemu ya pili ni soko la Darajani. Ya tatu ni mazungumzo ya barazani, Mji Mkongwe. Picha ilipigwa kwa kamera, na maneno yakanaswa kwa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo iliyochomekwa kwenye simu. Walirudi na kasoro tatu ambazo naamini kila mwanafunzi wa visiwani atazitambua: feni la chumbani, upepo wa kusi uliopiga maikrofoni kule shambani, na kunguru wa Mji Mkongwe, ambao hawajui kunyamaza mtu anaposema "tunaanza".

Audacity: jirani wa karibu asiyeona

Audacity ndiyo inayojulikana zaidi, wala si ajabu. Imekuwepo tangu mwaka 2000, ni ya bure, faili lake la kusakinisha halimalizi bando, na inakwenda vizuri hata kwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4. Kwa kazi ya kusafisha kipande kimoja cha sauti, sijaona sababu ya kuikimbia.

Chukua lile feni. Ndani ya Audacity unachagua sekunde moja au mbili ambazo hakuna anayesema, feni peke yake; unaiagiza programu iisome kelele hiyo; kisha unachagua kipande kizima na kuiambia ipunguze kila kinachofanana na ilichokisoma. Ukiomba upungufu wa desibeli 6 hadi 12, feni hurudi nyuma na maneno yakabaki na uhai wake. Ukiwa na tamaa ukaomba 30, feni litaondoka kweli, lakini bibi naye ataanza kusema kama mtu aliyetiwa ndani ya mtungi, kila herufi "s" ikiacha mkia wa mlio wa kioo. Wale wanafunzi wanne waliniletea kipande cha namna hiyo wakiwa wamefurahi kwamba "feni limekwisha". Niliwawekea sauti ya asili na ile iliyosafishwa, moja baada ya nyingine, na wenyewe wakachagua kurudisha feni nusu.

Njia hiyo, hata hivyo, ina mpaka ambao programu yoyote haiuvuki kwa urahisi: inafaa kwa kelele isiyobadilika, kama vile feni, jenereta au mvumo wa friji. Kunguru hulia na kunyamaza, Vespa hupita ikapotea kwenye kichochoro, na adhana hupanda na kushuka, kwa hiyo hakuna sampuli ya sekunde mbili inayoweza kuwakilisha sauti hizo. Kwa adhana nina la kuongeza. Ikiwa imeingia katikati ya mazungumzo, usijaribu kuifuta, wala usiifunike kwa muziki. Watazamaji wetu wataliona hilo mara moja, na hawatalipenda. Subiri imalizike ndipo upige, au uifanye adhana iwe sehemu ya tukio na wahusika wanyamaze.

Udhaifu mkubwa wa Audacity ni kwamba haionyeshi picha. Unaona mawimbi ya sauti na hakuna kingine, kwa hiyo unahariri kama mtu anayeshona kanzu gizani. Ukikata pumzi ya nusu sekunde kwa namna inayoziba pengo, kila kilicho mbele yake kwenye traki hiyo, yaani mstari huo wa sauti, husogea nusu sekunde, na kwa filamu ya fremu 25 (picha moja moja) kwa sekunde hizo ni fremu 12 na ushei: neno linatoka kabla mdomo haujafunguka. Dawa yake ni kutofuta; unakichagua kipande kibaya na kukikalisha kimya kwa Ctrl na L, ili urefu wa traki usibadilike. Lakini kimya hicho nacho ni shimo. Mtazamaji atasikia hewa ya chumba ikikatika na kurudi, na masikio yake yatashituka kuliko yalivyoudhiwa na pumzi. Shimo hilo hujazwa kwa sauti ya mahali, yaani sekunde 30 au 60 za chumba kile kile, watu wote wakiwa kimya na feni likiwa katika hali ile ile. Kundi letu lilikumbuka kuinasa kule Wete na likasahau barazani. Ilibidi warudi Mji Mkongwe asubuhi nyingine kwenda kunasa kimya.

Kwa kipimo chetu cha kurudi nyuma, Audacity imejirekebisha kidogo. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 inaruhusu baadhi ya efekti, yaani vyombo vya kurekebisha sauti, kukaa juu ya traki bila kuibadilisha sauti yenyewe, kwa hiyo unaweza kuizima ikwalaiza (ile inayopandisha au kushusha masafa fulani ya sauti) wiki ijayo ukiona imezidi. Lakini ule upunguzaji wa kelele bado unaandikwa ndani ya sauti moja kwa moja, na ukishafunga mradi huwezi kuuambia urudi. Hifadhi kwanza nakala ya asili katika folda ambayo mikono yenu haitaigusa. Na zile sekunde arobaini za msimamizi? Utazikata kwa kusoma saa ya traki na kukisia, traki moja baada ya nyingine, kisha utoe faili, ulipeleke kwenye programu ya picha, ukakute kwamba umekosea fremu sita.

DaVinci Resolve: nyumba moja kwa picha na sauti

Hapa ndipo DaVinci Resolve inapozishinda nyingine mbili bila ubishi. Ni programu ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, na tangu toleo la 14 la mwaka 2017 imebeba ndani yake ukurasa mzima wa sauti unaoitwa Fairlight, jina lililotokana na kampuni ya vifaa vya sauti ambayo Blackmagic iliinunua. Mhariri wa picha anakata kwenye ukurasa mmoja, mhariri wa sauti anafungua ukurasa wa pili, na taimulaini, yaani mstari wa muda vinapopangwa vipande, ni ile ile. Ukikata sekunde arobaini za barazani kwa amri inayogusa traki zote, mazungumzo, kelele za kunguru na muziki husogea kwa pamoja, na kinacholeta shida ni ule muziki uliokatwa katikati ya neno lake. Kuhusu hilo nitasema baadaye.

Toleo la bure halina mipaka inayomuumiza mwanafunzi. Linatoa picha yenye ubora wa hadi 3840 kwa 2160, lina ikwalaiza, kompresa (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) na kipimo cha ukubwa wa sauti, na haliandiki chapa yoyote juu ya filamu yako isipokuwa ukijaribu kutumia efekti za toleo la kulipia. Toleo hilo, Studio, bei yake imekuwa dola 295 kwa malipo ya mara moja, na ndani yake kuna chombo cha kutenga sauti ya mtu na kelele zinazomzunguka, ambacho kwa kunguru wetu kingesaidia kuliko mbinu ya sampuli. Wanafunzi wengi wamekiona kwenye video za mafunzo, wakakitafuta kwenye toleo la bure, wakakiona, wakakibonyeza, na kikakataa kufanya kazi. Hilo si kosa la kompyuta yako.

Tatizo ni uzito. Resolve inataka kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16 na kadi ya picha inayojiweza, na faili lake la kusakinisha ni la gigabaiti kadhaa, jambo ambalo kwa mwanafunzi anayenunua bando la wiki si dogo. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 8 itafunguka, naam, na utaweza kukata picha ukishatengeneza nakala nyepesi za video zako. Lakini ukifika kwenye Fairlight ukiwa na traki 20, sauti itaanza kukatika unapoisikiliza, nawe hutajua kama kasoro iko kwenye kazi yako au kwenye mashine. Kuhariri sauti usiyoweza kuisikia sawasawa ni kupoteza usiku. Ikiwa chuo chenu kina chumba chenye mashine nzuri, jiulizeni kinafunguliwa saa ngapi, kinafungwa saa ngapi, na umeme ukikatika kuna nini. Kundi la filamu ya karafuu lilianza kwa Resolve katika chumba cha namna hiyo, na muda wao wa kukitumia ulikwisha kabla sauti haijaguswa.

Jambo jingine linahusu waliopiga video kwa simu. Simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu. Huipunguza na kuiongeza kimyakimya kulingana na mwanga. Resolve, na hata Reaper, hupata taabu na faili za namna hiyo, na matokeo yake ni sauti inayoanza vizuri na kuachana na mdomo kidogo kidogo. Zigeuzeni kwanza kwa HandBrake, programu ya bure, mkichagua kasi isiyobadilika, kabla ya kukata hata fremu moja.

Reaper: nyepesi, na picha inaonekana

Tulihamia Reaper. Hii imetengenezwa na kampuni ndogo ya Cockos, faili lake la kusakinisha ni la megabaiti chache tu, na kompyuta ile ile ya gigabaiti 4 inayoendesha Audacity itaiendesha. Si ya bure. Inakupa siku 60 za kujaribu ikiwa na uwezo wake wote, na leseni ya bei nafuu, ambayo inawahusu watu binafsi wenye kipato kidogo na taasisi za elimu, imekuwa dola 60. Baada ya siku hizo haijifungi. Inakuonyesha tu dirisha la kukukumbusha kila unapoifungua. Nimewasikia wanafunzi wakisema kwamba kwa kuwa haijifungi basi ni bure. Si bure, bali mwenye duka amekuamini. Siku 60 zinatosha kwa filamu moja fupi iliyopangwa vizuri, na kundi la watu wanne likitaka kuendelea linaweza kuchanga.

Kilichotuvuta ni kwamba Reaper inaonyesha picha. Unaivuta video na kuiweka kwenye traki kama sauti nyingine yoyote, unabonyeza Ctrl, Shift na V, na dirisha la picha linafunguka kando. Faida yake niliiona wazi kwenye tukio la jamvini. Maikrofoni ya nguoni ilikuwa imenasa maneno ya bibi vizuri, lakini mlio wa makonyo yakitupwa kwenye ungo ulikuwa mbali na mkavu, karibu usisikike. Mwanafunzi mmoja alitafuta karafuu kavu na makonyo, akachukua ungo wa nyumbani kwao, akafunga madirisha saa nne za usiku, akanasa dakika tano za kudondosha na kukusanya. Kisha tukakaa mbele ya Reaper, tukasogeza picha fremu kwa fremu mpaka vidole vya bibi vinapoachia, na tukaweka mlio mmoja mmoja mahali pake. Kazi hiyo isingewezekana ndani ya Audacity, na ndani ya Resolve ingewezekana kwenye mashine ambayo hatukuwa nayo.

Uhariri wote wa Reaper hauligusi faili la asili. Ukikata, unaficha tu; ukivuta ukingo wa kipande, kilichofichwa kinarudi. Efekti zake zimo ndani tayari, ikwalaiza ya ReaEQ, kompresa ya ReaComp, na ReaFir, ambayo ukiiweka kwenye hali ya kutoa inafanya kazi inayokaribiana na ile ya Audacity ya kupunguza feni, isipokuwa hii unaweza kuizima wakati wowote. Upepo wa kusi tuliupunguza kwa kukata masafa yote yaliyo chini ya hezi 100. Mgongano mzito wa upepo na maikrofoni unakaa zaidi huko, na sauti ya bibi haina kitu cha maana huko chini. Palipobaki kubaya tulitumia maneno ya akiba: kabla ya kuondoka Wete, mmoja wao alipata busara ya kumwomba bibi arudie maneno yake yote ndani ya nyumba, bila kamera. Mnaotoka Unguja kwenda kupiga Pemba, msipande boti bila kufanya hivyo. Nauli ya kurudi kwa ajili ya sentensi mbili ni ghali kuliko leseni yoyote.

Udhaifu wa Reaper ni kwamba picha inakatwa kwingine, kwa hiyo lazima kuwe na daraja. Daraja tulilotumia ni la zamani na halijapitwa. Mhariri wa picha anatoa video ndogo na nyepesi, anaweka mlio mfupi wa fremu moja sekunde 2 kamili kabla ya picha kuanza, na anatoa kila traki ya maneno kama faili la WAV la kilohezi 48 na biti 24, zote zikianzia mahali pamoja. Sauti ikirudi kwake ikiwa imekamilika, anaulinganisha mlio kwa mlio, na kila kitu kinakaa. Sekunde arobaini za msimamizi zilipokuja, kama zinavyokuja kila mwaka, mhariri alitutumia video mpya pamoja na saa ya mahali palipokatwa. Tukaiweka Reaper katika hali ya kusogeza traki zote kwa pamoja, tukakata, tukalinganisha, tukapitia viungo. Ilichukua kama nusu saa. Resolve ingechukua dakika tano, na Audacity sitaki hata kufikiria.

Kwa hiyo ushauri wangu hauwi mmoja kwa wote. Mwenye kompyuta ya gigabaiti 16 ambayo ni yake, siyo ya kuazima, na anayekata picha yake mwenyewe, abaki ndani ya Resolve mwanzo hadi mwisho. Mwenye kompyuta ya kawaida, au kundi ambalo mhariri wa picha na wa sauti ni watu wawili wenye nyumba mbili tofauti, lichukue Reaper. Audacity iwekeni kwenye kila mashine kama bisibisi ya mfukoni, kwa kusafisha kipande, kugeuza faili, kunasa simulizi. Programu za kulipia kila mwezi sioni zinamsaidia nini mwanafunzi kwa filamu moja, na zile za kwenye simu zinatosha kwa video ya dakika moja ya mitandaoni. Zikifika kwenye mazungumzo yenye traki sita, kidole kinakuwa kinene.

Muziki: wa jirani, wa maktaba au wa redioni

Kwenye muziki napo kipimo ni kile kile, na majibu yake ni makali zaidi. Wanafunzi huwa na njia tatu: kutumia wimbo unaojulikana, kuchukua muziki wa maktaba za mtandaoni, au kumwomba mwanamuziki wa hapa awapigie.

Njia ya kwanza ndiyo inayovutia na ndiyo inayofunga milango. Wimbo una haki mbili, ya aliyetunga na ya mwenye kurekodi, na ruhusa ya mmoja haibebi ya mwenziwe. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA, tofauti na COSOTA ya Tanzania Bara, na huko ndiko pa kuanzia mtu anapotaka kumjua mwenye kazi. Wimbo wa zamani wa taarabu uliopandishwa YouTube na mtu asiyejulikana si wimbo usio na mwenyewe. Mkiutia kwenye filamu, darasani utapita, lakini YouTube inaweza kuutambua yenyewe na kuizuia video au kupeleka mapato kwa mwingine, na tamasha lolote litawauliza karatasi za ruhusa. Kuna sababu nyingine ya kisanaa ambayo naona haisemwi vya kutosha: mashairi ya taarabu yamejaa mafumbo, na hadhira yetu imezoea kuyafuatilia. Ukiuweka wimbo wenye maneno chini ya mazungumzo, watu watasikiliza fumbo na kumwacha mhusika wako anajisemea.

Maktaba za mtandaoni, kama ile ya YouTube au Free Music Archive, ni salama zaidi mradi leseni isomwe. Leseni ya Creative Commons yenye herufi BY inataka umtaje msanii. Yenye NC inakataza biashara, kwa hiyo mkiuza tiketi mtakuwa mmevuka. Yenye ND inakataza kazi kubadilishwa, na wengi hawajui kwamba kwa mujibu wa leseni hizo kuuoanisha muziki na picha inayotembea kunahesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Muziki wa ND hauingii kwenye filamu hata mkimtaja msanii kwa herufi kubwa. Kasoro yake nyingine ni kwamba huwezi kuurudisha kwa aliyeupiga. Mnapewa dakika tatu zilivyo, piano na nyuzi zilizotungwa kwa ajili ya kila filamu duniani, na tukio lenu likipungua sekunde arobaini, ninyi ndio mtakaolazimika kuukata.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendelea, na hapa visiwani tuna bahati ambayo wenzetu wa mahali pengi hawana. Mji huu una vikundi vya taarabu vilivyodumu, Nadi Ikhwan Safaa tangu mwaka 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, una chuo cha muziki cha DCMA, na una wapigaji wengi majumbani ambao hawamo katika tangazo lolote. Kundi letu lilikwenda kwa mzee mmoja mpiga udi. Walimwamkia, wakakaa, wakamweleza, na wakasema wanahitaji kitu cha huzuni cha dakika mbili.

"Huzuni ya nani?" akauliza.

"Ya bibi, Maalim. Mjukuu wake anasafiri."

"Basi nionyesheni huyo bibi kwanza, wanangu. Siwezi kumlilia mtu nisiyemjua."

Wakamwekea tukio kwenye kompyuta, bila sauti nyingine. Alilitazama mara mbili, kisha akapiga taksimu, yaani muziki wa kubuni papo hapo, na hilo ndilo lililotuokoa baadaye. Taksimu haifuati mapigo ya ngoma. Inakwenda sentensi kwa sentensi, na baina ya sentensi na sentensi kuna pumzi. Kila pumzi ni mahali pa kukatia. Muziki wenye mdundo, kidumbaki kwa mfano, pamoja na ala zake za sanduku, cherewa na mkwasa, lazima ukatwe juu ya pigo lenyewe, na ukikosea kwa fremu mbili kila mguu uliomo ukumbini utajua. Tulipopunguza filamu, taksimu ilikatwa kwenye pumzi mbili na hakuna aliyegundua, hata mpigaji mwenyewe. Kidumbaki tulikiacha kwa ajili ya soko, ambako hakuna mazungumzo, kikianza juu ya pigo na kuishia juu ya pigo.

Kunasa udi nyumbani hakuhitaji studio. Chumba chenye godoro, mapazia na kanga zilizotundikwa ukutani kinatosha, feni likizimwa na simu zikitolewa nje. Maikrofoni ikae kama sentimita 30 kutoka kwenye chombo, ikielekea pale shingo inapokutana na tumbo, si kwenye tundu, ambako mlio ni mzito na wa kuvuma. Mwombeni apige mara mbili au tatu, na mwisho apige nota ndefu moja moja. Hizo ni viraka, na siku ya kukata mtazihitaji. Kisha andikeni makubaliano kabla chai haijapoa: karatasi moja inayosema kwamba aliyetunga na kupiga anaruhusu kazi hiyo itumike kwenye filamu hii, darasani, kwenye matamasha na mtandaoni, amelipwa nini, na jina lake litaandikwaje mwishoni. Wanafunzi huona haya kumtolea mzee karatasi. Mzee wetu aliisoma yote, akasahihisha tahajia ya jina lake, akatia saini.

Ndani ya programu, udi na sauti ya mtu hugombea nafasi, kwa kuwa mirindimo ya nyuzi hukaa kwenye masafa yale yale yanayobeba konsonanti. Kabla ya kuushusha muziki mpaka usisikike, punguzeni kwa ikwalaiza desibeli 3 au 4 za muziki baina ya kilohezi 2 na 4 pale tu bibi anaposema. Maneno yataingia kwenye nafasi hiyo na udi utaendelea kusikika. Resolve na Reaper zote mbili huruhusu mabadiliko hayo yachorwe kwenye traki yapande na kushuka yenyewe, na huruhusu myafute kesho yake.

Lililobaki ni ukubwa wa sauti wa filamu nzima, na hili linategemea itakapooneshwa. Kipimo cha matangazo ya televisheni kinachofuatwa na wengi, cha Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, ni LUFS -23 (LUFS ni kizio cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), ilhali YouTube huishusha sauti inayozidi takriban LUFS -14. Programu zote tatu zina njia ya kupima na kufikia namba hizo. Toeni nakala mbili. Ya mtandaoni isikilizwe kwenye spika ya simu, kwa kuwa huko ndiko wengi wataiona, na huko mivumo yote mliyoihangaikia chini ya hezi 150 haitakuwepo. Ya kuonesha hadharani isikilizwe mahali pa wazi: tamasha letu la filamu la ZIFF limezoea kuonesha filamu usiku ndani ya Ngome Kongwe, chini ya anga, ambako hakuna paa la kuirudishia hadhira sauti ndogo na upepo wa bahari unapita juu ya viti. Tulipoijaribu nakala yetu uani, spika moja ukutani na majirani wakipika, makonyo ya karafuu yalipotea kabisa. Tulirudi kwenye Reaper, tukayapandisha desibeli 4, tukatoa nakala ya tatu.